Futi Saba

Babu alijenga banda la gari mwaka wa thelathini na sita,
matofali mekundu, milango miwili ya mbao,
upana futi saba, si zaidi.
Gari lake lilikuwa jembamba kama kabati la vyombo:
liliingia, yeye akashuka, akazunguka,
akalipangusa taa kwa leso,
na bado paka alibaki na pa kujinyoosha.

Baba akarithi banda.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani, hapa hapa Coventry,
akitia milango kwenye magari.
Milango tu. Alijua kwa ncha ya kidole
kama mwanya umezidi unene wa sarafu.
Na kila baada ya miaka michache, aliniambia,
michoro ilishuka kutoka ghorofani
na mlango ulikuwa umenenepa:
chuma cha kukinga ajali, spika, mfuko wa hewa.
"Watu hawataki kufa," alisema. "Siwalaumu.
Ila hakuna aliyewahi kushuka na mchoro wa banda."

Sasa bandani mna makopo ya rangi,
mashine ya kukatia majani, baiskeli yangu isiyo na mnyororo,
viatu vya bustani vya mama, bado vina udongo.
Gari langu hulala nje,
magurudumu mawili barabarani, mawili juu ya njia ya miguu,
kama mlevi aliyeshindwa kuamua.
Asubuhi mwanamke mmoja hushusha kigari cha mtoto
katikati ya magari, kwa sababu yangu. Simjui jina.
Yeye hunitazama, mimi hutazama simu.

Mwamba ngoma huvutia kwake,
na mtaa wetu ndio ngozi yenyewe.
Akina Tranter waling'oa mawaridi, wakamwaga zege.
Nambari kumi na tisa wana magari manne
na kitindamimba anajifunza udereva.
Bwana Sohal, tunayepakana naye ukuta,
hupanga mapipa ya taka mbele ya lango lake;
tumegombana kwa barua, kwa honi,
kwa kimya cha miaka minne.

Ile Jumanne ya hospitali
tulipanda ghorofa ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita,
tukapata nafasi kati ya nguzo
na gari jeupe lenye kimo cha farasi.
Niliingiza letu huku nimevuta pumzi,
kana kwamba tumbo langu ndilo lingekwaruza.
Baba akafungua mlango.
Shibiri moja, ukagota.
Akapenyeza kidole kati ya ukingo na nguzo, kwa mazoea,
akapima.
"Kazi safi," akasema. "Fundi huyu apandishwe cheo."
Alicheka mpaka akakohoa.
Kisha akatokea upande wangu, juu ya gia, goti baada ya goti,
mzee wa miaka themanini na mmoja,
akanishika bega, nikahisi
jinsi mkono ule ulivyokuwa mwepesi.
Tulichelewa dakika ishirini. Daktari hakutugombeza.
Hilo ndilo lililonitisha.

Alifariki Februari.
Usiku wa kuamkia mazishi nilikosa usingizi kwa jambo la kipuuzi:
gari la maiti ni refu, futi ishirini na ushei,
nami naujua mtaa wetu.
Nilimwona baba akizungushwa nje ya nyumba yake,
duru baada ya duru,
akitafutiwa nafasi.

Saa kumi na mbili nilifungua pazia.
Mbele ya lango letu palikuwa wazi,
papana, pamelowa mvua,
na huku na huku mapipa, matano, sita,
ya Sohal, ya akina Tranter, ya nambari kumi na tisa,
na katikati Harbhajan Sohal juu ya kiti cha kukunja,
kilemba chini ya mwavuli, chupa ya chai miguuni,
akimpungia mkono dereva fulani
apite, aendelee mbele,
hapa pana mwenyewe.